Siku Kumi na Moja Ambazo Sikuwepo

Jumatatu, 7 Aprili

Natalie amenipa daftari hili asubuhi na kunitangazia kwamba kuanzia leo mimi ni mfanyakazi wake. Nimemzaa, nimemlea, nimemshonea sare za shule mpaka kidato cha nne, na sasa ananiamrisha saa moja asubuhi kabla sijanywa chai. Kazi yenyewe ni kuandika vitu vilivyo: kikombe kiko wapi, chai imefika wapi ndani ya kikombe, mkono wa shati umekunjwa mara ngapi. Anasema filamu hupigwa vipande vipande, leo mwisho, kesho mwanzo, na mtu asipoandika, mtoto ataingia mlangoni na viatu vyeusi atokee ndani akiwa na ndara. Nikamwambia hiyo ni kazi ya fundi wa nguo, kukumbuka miili ya watu. Akasema ndiyo maana akanichagua.

Kurasa za mbele ni zake. Nimeligeuza daftari, huku nyuma ni kwangu.

Filamu ameiandika mwenyewe, na inahusu msichana wa miaka tisa anayelelewa na baba mlevi na mama fundi cherehani, katika nyumba za kaunsili hapa Bondeni. Hakujisumbua kutafuta nyumba ya kupigia picha. Ni hii yetu. Wameondoa runinga, wametoa pazia langu la maua, wameleta jiko la mafuta ya taa kama lile tulilokuwa nalo, na nyuma ya mlango wametundika koti la mwanamume. Nilipoliona lile koti nilitoka nje nikasimama kwenye mfereji wa kuchotea maji mpaka nikapata pumzi. Mume wangu Ndegwa alikufa miaka sita iliyopita, tukamzika kwao Bahati, na nguo zake zote niliwagawia ndugu zake. Hili si lake. Lakini limening'inia vilevile.

Mvua haijaanza vizuri. Mawingu yamekaa upande wa mlima Menengai, kazi yao kutuangalia tu.

Jumanne, 8 Aprili

Kikosi chenyewe ni kidogo, unaweza kukipikia kwa sufuria moja. Karanja wa Free Area anashika kamera; wikendi nyingine hupiga picha za arusi, na ukimwacha anatafuta keki. Kimberly ndiye mama. Amesomea maigizo chuoni na alikuja na kucha ndefu, nikamwambia hakuna fundi cherehani mwenye kucha kama hizo, akazikata palepale bila kununa. Nimeanza kumpenda.

Kiptum ndiye baba. Ni mtu mrefu, mpole, anafanya kazi Olkaria kwenye mabomba ya mvuke, na amechukua likizo yake yote ya mwaka aje kuwa mlevi. Pombe hajawahi kuonja, kanisa lao haliruhusu. Leo aliniita kando akaniuliza kwa heshima mzee alikuwa akianzaje akikasirika, kwa sauti ama kwa mikono. Nikamwambia alikuwa anaanza kwa kunyamaza. Akasema asante mama, akaenda kukaa kwenye kiti cha Ndegwa akanyamaza. Ilinibidi nitoke tena.

Mtoto anaitwa Chemutai, ana miaka kumi. Analetwa kila asubuhi na shangazi yake Jerotich, ambaye hukaa pembeni akisuka sweta na kuhesabu mishono kwa sauti. Shule zinafunguliwa tarehe ishirini na nane, kwa hiyo kila kitu lazima kiishe Jumamosi ya ishirini na sita. Chemutai ameniuliza aniite nani. Nikamwambia shosho, kama bibi yake. Akasema, "Sawa shosh. Sasa wewe ndio yule mama mwenyewe?" Watoto hawana breki.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesoma skripti yote. Ukurasa wa thelathini na moja unasema hivi: Mama analazwa hospitalini siku kumi na moja. Mtoto anabaki na baba.

Nitaandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuandika. Mimi sikulazwa.

Mwaka wa 2005, mwezi wa nane, Ndegwa alikuwa ameachishwa kazi kiwandani na pombe ikawa ndiyo kazi yake. Siku hiyo nilimtuma Natalie akanunue mafuta ya taa ili asinione nikitoka. Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko wa kijani, nikaenda Subukia kwa kaka yangu. Mtoto sikumchukua. Sababu nimejipa nyingi. Kaka yangu alikuwa na watoto saba katika vyumba viwili. Nilitaka kwanza nipate mahali, ndipo nimchukue. Ndegwa alinipiga mimi, mtoto hakuwahi kumgusa. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalotosha, kwa sababu nilipopanda gari siku ile sikuwa na mpango wa kurudi. Nilikuwa nimechoka mpaka mahali pa kufikiria mtoto pamechoka.

Siku ya kumi na moja nilirudi. Kabla sijafika mlangoni niliingia duka la dawa nikanunua plasta, nikaibandika nyuma ya mkono wa kushoto, pale wanapochomeka sindano ya maji. Nikamwambia Natalie nilikuwa nimelazwa. Ndegwa alikuwa amekaa palepale, akasikia, akanyamaza. Uongo ule ulimfaa hata yeye, maana mke aliyelazwa si aibu na mke aliyetoroka ni aibu.

Sasa mtoto wangu ameuchukua uongo wangu na anaupiga picha. Kuna watu wa runinga kutoka Nairobi waliotaka kumsaidia, akawakataa kwa sababu walitaka baba aokoke mwishoni kwenye mkutano wa injili. Aliwaambia filamu yake itakuwa ya kweli ama haitakuwepo. Ya kweli. Nikinyamaza, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, na safari hii mbele ya watu. Nikisema, atajua kwamba mama yake alimwacha na mlevi akaenda zake. Ana miaka ishirini na tisa, hanitegemei kwa chochote, anaweza kubeba kamera yake aende na asirudi. Sijui kama nitaweza kumlaumu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mabati yamepiga kelele kuliko waigizaji, hatukufanya kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimeona jambo.

Walipiga siku ya pili mama akiwa hayupo. Skripti inasema tu, Wateja wanakuja. Nilidhani mtoto atafungua mlango aseme mama hayuko, basi. Chemutai akavaa tepu yangu ya kupimia shingoni, ikamfika magotini. Mteja alikuwa Linah, jirani yetu wa karibu na mfereji, mwanamke mwenye mwili wake, ambaye alikubali kuigiza kwa sharti kwamba avae kilemba kipya. Mtoto akavuta kigoda, akapanda juu, akampima mabega. Alipofika kifuani mikono haikutosha kuzunguka. Akampa Linah ncha moja aishike, yeye akashuka, akazunguka nyuma na ncha nyingine, akapanda tena. Akaandika kwenye daftari la vipimo huku ametoa ulimi kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mzima mwenye haraka, "Mum anamaliza za watu wa arusi kwanza. Yako itakuwa tayari wiki ijayo."

Walipiga mara sita. Kila mara niliandika: kigoda kushoto, tepu upande wa namba juu, ulimi nje.

Wakati wa chai nilimuuliza Natalie mambo hayo ameyatoa wapi. Aliniangalia kama nimemuuliza jina lake. Akasema hakuyatoa popote, alikuwa akiyafanya. Walikuja wateja watano siku zile, na angewaambia fundi hayuko wangeenda kwa mwingine. Aliwapima wote. Mmoja alitaka kubadilisha rangi ya bitana na akambishia mpaka mteja akakubali.

Sasa nikakumbuka. Niliporudi watu walianza kuulizia nguo ambazo sikuwahi kuzipokea, na vipimo vikiwa vimeandikwa kwenye daftari. Nilidhani ni Nanyama wa nyumba ya pili aliyenisaidia. Nikamshonea blauzi ya shukrani, naye akaipokea bila kuuliza ni ya nini. Miaka ishirini nimeamini hivyo. Kumbe mtoto wa darasa la tatu aliisimamia kazi yangu juu ya kigoda wakati mimi nilikuwa Subukia nikilala mchana.

Nimefundisha wasichana kumi na tisa kushona na sijapata kuona fundi kama yule. Nilimwangalia Natalie akinywa chai yake, na nikamwogopa kidogo, kwa namna nzuri, kama mtu aliyejua mlima kutoka upande mmoja tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Tangu Jumatatu nalala kwa Nanyama kwa sababu kwangu kumejaa taa na nyaya. Nyumba zetu zinatumia ukuta mmoja. Yeye ni Mbukusu, mjane kama mimi, mwanawe Micah yuko Eldoret, na tumekuwa majirani tangu Natalie hajaanza shule.

Leo saa tisa mchana walikuwa wakifanya mazoezi upande wa kwangu. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi la Nanyama. Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani. Kijiko tu. Nikamsikia Kiptum akivuta kiti, akisema kwa sauti ya chini, "Hii ni nini umenipikia?" na nikamsikia Kimberly akimeza mate. Nilijua nyumba hizi zina kuta nyembamba, lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwa upande huu. Nilikuwa nikilia na leso mdomoni nikiamini hakuna mtu anayejua.

Nanyama alikuwa anachambua mboga za sukuma wiki. Sauti ya Kiptum ilipopanda, alinyoosha mkono akaongeza redio. Aliongeza bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Halafu akaona namwangalia. Akaizima kabisa. Tukakaa hivyo, yeye na sukuma zake, mimi na kichwa changu, mpaka upande wa pili wakamaliza.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisa. Mhubiri alizungumza juu ya ukweli, kana kwamba ametumwa. Nilijifanya natafuta miwani.

Jumatatu, 14 Aprili

Kimberly ameshona mshono wake wa kwanza ulionyooka. Kiptum hula peke yake kabla ya kazi, halafu anaenda nyuma ya vyoo kuomba. Nilidhani ni tumbo. Jerotich ndiye aliyenieleza kwamba kila akimaliza kumfokea Chemutai hulazimika kumtafuta amsalimie upya kwa jina, na mtoto naye huitika, ndipo wanaendelea.

Jumatano, 16 Aprili

Leo imepigwa ile sehemu ya baba kutaka kuuza cherehani. Baba anaivuta kwenda mlangoni, mtoto ameng'ang'ania mguu wa cherehani chini. Majirani wote walikuwa wameambiwa. Natalie mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba asubuhi akieleza kutakuwa na kelele za filamu, wasishtuke. Nanyama alitupikia chai, akamjaza Kiptum kikombe mara mbili.

Mara tatu za kwanza zilikuwa nzuri na nikaandika yangu. Mara ya nne Chemutai hakulia kama walivyozoea. Alishika ule mguu wa cherehani, akasema kwa sauti ndogo, maneno ambayo hayakuwa kwenye skripti, "Baba, hiyo ni ya mum. Baba, nitakuwa mzuri. Nitakuwa mzuri sana."

Kalamu yangu ilisimama. Kiptum akaendelea kuvuta, maana hajaambiwa aache. Na mlango ukafunguka kwa kishindo, Nanyama akaingia na mwiko ukiwa bado na ugali, nyuma yake Linah na mwanamke mwingine wa mferejini na ndoo yake. Hakuuliza kitu. Alimchapa Kiptum mgongoni mara tatu, mwiko ukavunjika mara ya tatu. Yule mtu mrefu akaachilia cherehani, akajikunja na mikono kichwani.

"Mama Micah, ni mimi," akasema. "Ni Kiptum. Si tumekunywa chai na wewe asubuhi."

Kicheko kilikuwa karibu, nilikisikia kikitaka kuanza kwa Karanja. Chemutai akainuka, akamshika Nanyama sketi. "Shosh, ni ya kuigiza tu."

"Najua," Nanyama akasema. Alikuwa anahema. "Nilijua tangu asubuhi. Miguu ndio imekuja."

Akaangalia kile kipande cha mwiko mkononi, akakaa chini sakafuni na aproni yake, akasema bila kumwangalia yeyote, "Zile siku zingine haikukuja." Kisha akalia, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata kwenye mazishi ya mumewe.

Natalie alikuwa bado hajasema kata, kamera inaendelea. Alitoka nyuma ya kamera, akapiga magoti, akamfuta Nanyama ugali kwenye mkono kwa kitambaa chake cha kichwa. Hakumwambia usijali, wala hakumwambia imepita. Alimfuta tu, kidole kimoja kimoja, kama anavyofutwa mtoto. Karanja akauliza taratibu kama afute hiyo waanze upya.

"Usifute," Natalie akasema. "Hiyo sikuwahi kuwa nayo."

Tangu Jumamosi nimekuwa na hasira na Nanyama bila kujiambia. Hasira ya redio. Leo nimetafuta nisiione. Lakini sijui kwa nini mimi ndiye nilistahili kuwa na hasira na mtu aliyekaa upande wa pili wa ukuta, wakati mimi nilivuka hadi Subukia.

Alhamisi, 17 Aprili

Kiptum ana alama tatu mgongoni na anazionyesha kila mtu kwa fahari. Nanyama amempelekea kuku mzima.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tumepumzika. Mvua ya kweli sasa, ile ya kuanguka wima. Natalie alilala mchana kwenye kochi la Nanyama, kichwa kikiwa mapajani mwangu, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa mdogo. Nilianza sentensi mara mbili kichwani. Alikuwa amelala vizuri mno.

Jumanne, 22 Aprili

Leo mama amerudi kutoka hospitalini.

Mimi ndiye mwenye daftari, kwa hiyo mimi ndiye nimempachika Kimberly plasta. Natalie aliniambia tu, "Mum, wewe unajua mahali." Nikaibandika nyuma ya mkono wa kushoto, chini ya kidole cha kati. Wakapiga. Taa ikazimika, stima imepotea mtaa mzima. Plasta ikatoka kwa jasho, nikabandika nyingine. Wakapiga. Mbuzi wa Linah akalia dirishani. Plasta ya tatu. Kimberly akasahau neno. Plasta ya nne. Nimebandika uongo wangu mara saba kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mara nikaandika kwenye kurasa za mbele, kwa mwandiko safi: plasta, kushoto, iko sawa.

Na kila mara Chemutai alifanya vilevile. Anafungua mlango, anamwona mama, anaiangalia ile plasta. Haulizi. Anachukua sufuria anaenda kuchemsha chai.

Baada ya mara ya tano alikataa kuendelea mpaka aelezwe. Alisema yeye, mama yake akitoka hospitali angeuliza alichomwa sindano ngapi na kama alilia. Kwa nini huyu mtoto haulizi chochote?

Natalie alichuchumaa wakawa sawa kwa urefu. "Kwa sababu ameona mum amechoka na hataki kuulizwa," akasema. "Na amefurahi sana. Ukifurahi hivyo, huwezi kuuliza. Unaogopa hiyo furaha itatoka."

Chemutai akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Mara ya sita na ya saba aliiangalia ile plasta kwa namna ambayo hata Jerotich aliacha kusuka. Ndani ya yale macho hamkuwa na lawama hata ya dawa. Siku ile ya 2005 mimi sikuangalia macho ya mtoto, niliangalia mkono wangu, kama plasta imekaa vizuri. Leo ndiyo nimeyaona. Nimeyasubiri miaka ishirini na sikujua nayasubiri. Nilitaka kuanguka kifudifudi pale sakafuni kati ya nyaya zao.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ya mawe. Nilimwambia Natalie nina neno. Akasema sema. Nikamwambia zipu ya sketi ya Kimberly imeharibika.

Ijumaa, 25 Aprili

Kesho ndiyo siku ya mwisho, na kilichobaki ni mama kutoka nyumbani. Kwenye skripti Linah na Nanyama wanamshika mama mikono kumpeleka hospitali, ameinama kwa maumivu. Saa kumi jioni Natalie alikuja kukaa nami kwenye ngazi ya Nanyama, na kalamu, kukamilisha maelezo. Mvua ilikuwa imekatika na watoto wa mtaa walikuwa wanarukia madimbwi.

Akaniuliza, "Ulitoka umevaa nini?"

Nikamwambia rinda la bluu na sweta.

"Na mkononi?"

Ningeweza kusema sikushika kitu. Mgonjwa hashiki kitu. Mdomo wangu ulikuwa tayari. Nikasema mfuko wa kijani.

Aliandika. Hakuuliza mgonjwa wa kushikwa mikono alibebaje mfuko. Aliandika tu na kusubiri.

"Natalie, mimi sikulazwa," nikasema. "Nilikuacha. Nilienda Subukia na sikutaka kurudi."

Akafunika kalamu. Alikaa akiangalia wale watoto na madimbwi yao, nami nikasubiri ainuke aende. Nilikuwa nimeshajipanga nisimwite.

"Najua, mum," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, halafu akanieleza polepole. Siku ile duka la hapa lilikuwa limefungwa. Akaenda kutafuta mafuta ya taa upande wa stendi. Akaniona nimesimama na mfuko wa kijani, nageuka kuangalia nyuma kila mara. Tulikuwa tumeachana hatua kumi hivi. Akaingia nyuma ya mapipa ya muuza mafuta akachuchumaa.

"Mbona hukuniita?" nikamuuliza.

"Ningekuita ungerudi."

Aliendelea mwenyewe.

"Sikutaka urudi, mum. Siku hiyo nilitaka tu mtu mmoja atoke kwa hiyo nyumba."

Nilimuuliza kwa nini basi ameandika hospitali, yeye aliyewafukuza watu wa Nairobi kwa ajili ya ukweli. Akasema hospitali ndiyo niliyompa. Hiyo nyingine ilikuwa yangu, na hangeweza kuichukua kabla sijampatia kwa mkono wangu.

Nilimshika uso. Miaka ishirini nilidhani nilimtoroka, kumbe alikuwa hapo nyuma ya mapipa, ana miaka tisa, ana mtungi wa mafuta, ananiruhusu. Halafu akarudi kwenye ile nyumba, akavaa tepu, akawapima watu ili nikirudi nikute kazi, na hata hakuwa na hakika kwamba nitarudi. Watu huenda mbali kutafuta mambo makubwa. Mimi nililizaa moja nikalituma mafuta ya taa.

Tulilia mpaka Nanyama akatoka kuangalia. Safari hii alikuja mara moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Natalie ameamka alfajiri akaandika upya ukurasa wa thelathini na moja. Hospitali imetoka. Alininyooshea karatasi nisome kwanza, nikamwambia sina haja.

Tulipigia upande wa stendi kabla watu hawajajaa. Karanja alikopa mapipa mawili kwa fundi wa magari. Anga lilikuwa jeupe na ardhi imelowa. Kimberly alisimama na mfuko wa kijani niliomshonea jana usiku kwa kitambaa cha pazia, akageuka kuangalia nyuma, na nilipomwona amesimama vile, mtu mdogo amevaa bluu, kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma yule mwanamke. Kiptum alikuwa amekuja ingawa hana sehemu leo. Nanyama na Linah pia.

Chemutai akachuchumaa nyuma ya mapipa, mtungi mkononi. Akachungulia mara mbili, akajaribu kukaa vizuri. Halafu akatoka akanijia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye daftari.

"Shosh, nikimwona nataka kumwita," akasema. "Sasa huyu mtoto alijizuia aje? Alifunga mdomo na mkono gani?"

Nilifungua daftari, mbele na nyuma. Nimeandika kila kikombe na kila kigoda wiki tatu nzima, na hilo sikuwa nalo. Nikainua macho.

Natalie hakugeuka. Alikuwa ameinama kwenye kamera, jicho moja limefumba.

"Yote miwili," akasema. "Weka mtungi chini kwanza."

Chemutai akarudi akauweka mtungi chini. Tulipiga mara moja tu.